Risala ya Topili wa San Melitón kwa Mgeni Rasmi Aliye Mahabusu

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mhandisi Ubaldo Garcidueñas, Naibu Mkurugenzi wa Viwanja vya Vijiji, ambaye kutoka hapa nje tunaiona kofia yako tu kwa kuwa dirisha ni dogo. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Don Tiburcio Chávez, ambaye hatunaye kwa sababu amelala ofisini na kitambaa cha maji usoni. Akina mama wa jikoni. Na ninyi nyote mlioacha kazi mkaja kuchungulia: shikamooni.

Sisi topili tisa wa San Melitón Latziyela tuna furaha isiyo kifani kukupokea kijijini kwetu. Risala hii iliandikwa wiki iliyopita kwa ajili ya Jumapili, siku uliyotakiwa kuja kutufungulia kiwanja kipya cha mpira wa kikapu. Umekuja leo Alhamisi. Hatulalamiki, gari ni lako na siku ni zako. Ila kutokana na yaliyotokea asubuhi, Don Tiburcio ametuamuru tukusomee sasa hivi ili upoe, na akatukataza kubadilisha hata nukta.

Tumejitahidi. Mahali palipoandikwa "wewe uliyeketi jukwaani chini ya mashada ya maua", tumerekebisha kwa kalamu na sasa panasomeka "wewe uliyeketi juu ya ndoo". Sehemu ya kukupongeza kwa jinsi unavyokitunza kiwanja chetu tumeiruka, kwa heshima yako.

Mimi ninayesoma ni Nabor Bautista. Nimechaguliwa kwa sababu nina sauti, na kwa sababu wenzangu wanane wamekataa.

HISTORIA YETU

Topili ni mgambo wa kijiji. Hapa kwetu kijana akishatimiza miaka kumi na minane, mkutano wa kijiji unamchagua, apende asipende. Anapewa fimbo ya zamu na kutumika mwaka mzima bila senti. Anaita watu mikutanoni, anaamua ugomvi wa mipaka ya maboga, anawaondoa walevi ukingoni mwa bonde. Akimaliza vizuri anapanda: mkuu wa topili, mtunza kanisa, karani, na akizeeka na akili zake zikiwa bado zipo, mwenyekiti. Hakuna njia ya mkato. Aliyenyang'anywa fimbo hapandi tena maisha yake yote, na hata akinyoosha mkono mkutanoni watu hujifanya wanatafuta kitu mfukoni.

Miongoni mwetu mwaka huu yumo Crisóforo Yescas, miaka kumi na tisa, mtoto pekee wa Doña Eufrasia muuza tamale, yale maandazi ya mahindi ya kufungwa kwenye maganda. Mheshimiwa, huyo ndiye aliyekutia humo ndani. Tafadhali usipige ukuta, tunaendelea.

Crisóforo tulimbandika jina la Kabati, kwa sababu ukimweka pembeni anakaa pembeni mpaka umhamishe. Januari alitumwa kumwita mzee Don Wulfrano kwenye mkutano. Akafika mlangoni, akaona aibu kubisha. Akasimama saa tatu nzima. Mbwa alimbwekea, akachoka, akaja kulala juu ya mguu wake. Mke wa Don Wulfrano akadhani anasubiri basi, akamletea kahawa na mkate, akamrudishia mlango. Aliporudi tukamuuliza, "Vipi, umemwita?"

"Nilikaribia," akasema.

Februari ikawa zamu yake kutangaza kwenye spika ya kanisani. Alitangaza siku tatu mfululizo na hakuna aliyesikia hata kikohozi. Spika ikashushwa, ikapelekwa mjini Oaxaca kwa fundi. Fundi akasema ni nzima. Ikarudi, Crisóforo akatangaza tena, ikashushwa tena. Mara ya pili fundi alitutukana kwa simu, na hapo ndipo tulipoelewa kwamba tatizo si spika.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, usidhani tulimwacha hivyo hivyo. Mwenyewe alijipangia mazoezi nyuma ya nyumba yao, na bata mzinga wa mama yake. Kila asubuhi alisimama mbele yao na fimbo: "Simameni! Nani kiongozi wenu?" Sisi tuliokuwa tunachungulia juu ya ukuta tulicheka mpaka Nabor, yaani mimi, nikaanguka upande wa pili. Lakini baada ya wiki tatu bata mzinga mmoja alisimama. Tuliliandika kwenye daftari la zamu.

Mvua za Juni zilipobomoa daraja na Don Wulfrano akashikwa na kifua, Crisóforo alimbeba mgongoni mpaka zahanati, mwendo wa saa tatu kwenye tope, bila kusema neno. Don Wulfrano mpaka leo anasimulia, "Nimeongea peke yangu njia nzima. Hata marehemu baba yangu hakuwahi kunisikiliza hivyo." Kwa hiyo utu anao, na nguvu anazo. Kilichokuwa kimepungua ni sauti tu, na kwetu mtu asiye na sauti hapewi mkutano kuuongoza, hata awe mwema namna gani.

Sasa tunafika kwenye mafanikio ya leo asubuhi, ambayo hayakuwemo kwenye risala ya mwanzo.

Leo ilikuwa tekio, kazi ya kijiji kizima, kila mtu na beleshi lake. Tangu alfajiri tulikuwa tunamwaga zege la kiwanja. Watu themanini, akina mama na sufuria zao, watoto wakibeba maji. Saa tatu kamili tulikuwa tumemaliza na kusawazisha. Mheshimiwa, lilikuwa limelala pale laini kabisa, watu wamesimama wanaliangalia. Ndipo ukaja na gari lako jeupe, ukaona kivuli upande wa pili, ukakatiza katikati.

Watu themanini walifungua mdomo na hakuna aliyetoa sauti. Mwenyekiti alivua kofia akaiuma. Gari likaenda mita sita, likazama, likakwama. Halafu tukasikia mtu anapiga ukelele ambao hatujawahi kuusikia hapa San Melitón:

"SIMAMA HAPO HAPO!"

Tukageuka kumtafuta mwenye sauti. Alikuwa Kabati.

Doña Eufrasia aliangusha sinia la tamale. "Nani huyo anayefoka?"

"Mwanao, mama."

"Mwanangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Akaketi chini palepale akaanza kulia, na hakuziokota tamale mpaka mbwa walipozimaliza.

Wewe, mheshimiwa, uliteremsha kioo ukamwambia, "Wee kijana, unajua mimi ni nani?" Kama unakumbuka, alikujibu kwa adabu zote: "Sijui, baba. Ndiyo maana naomba jina, niliandike." Ukasema, "Nitampigia simu gavana sasa hivi!" Akasema, "Piga tu, baba. Mtandao unashika juu ya mnara wa kanisa, na ufunguo ninao mimi. Lakini kwanza shuka, maana unazidi kuzama." Ukashuka. Viatu vyako vimebaki mle, tumeviwekea jiwe pembeni kama alama.

Akakushika mkono, akakuleta humo mahabusu, akakupa ndoo ya kukalia na chungwa moja. Chungwa halimo kwenye sheria. Alilitoa kwenye chakula chake cha mchana.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni zege. Don Wulfrano, aliyekuwa mwashi, anasema litakauka saa saba mchana. Sasa hivi ni saa tano na nusu. Likikauka, gari lako litakuwa mali ya kiwanja, na itabidi tutunge sheria mpya za kuchezea kikapu tukilizunguka.

Changamoto ya pili ni Don Tiburcio. Alipojua kwamba aliyetiwa ndani ni wewe, alijipiga kichwani akasema, "Mmeniua! Mmenimaliza! Paa la kiwanja alilotuahidi ndio kwaheri!" Akamwita Crisóforo mbele yetu sote. "Mtoe sasa hivi, umwombe radhi ukipiga magoti."

Crisóforo akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Tukajua basi, Kabati anarudi pembeni. Lakini akasema, "Don Tiburcio, mwaka jana sikukuu ya mtakatifu, nawe ulitiwa humo."

"Nilikuwa nimelewa!"

"Na ulibeba mchanga."

"Nilibeba, ndiyo."

"Basi na yeye atabeba."

Mwenyekiti amesema hivi: wewe ukiondoka hapa kwa hasira, kabla jua halijazama fimbo ya Crisóforo itavunjwa mbele ya mkutano. Hatumwoni Don Tiburcio kuwa mtu mbaya. Ana hofu, na paa tumelisubiri miaka kumi na moja, tunacheza na mvua. Lakini Mheshimiwa, tunakuambia wazi kwamba roho zinatuuma. Sisi tulimcheka kijana huyu mwaka mzima. Leo wakati watu themanini walipomeza ndimi zao, sisi topili wanane tukiwemo na fimbo zetu mkononi, ni yeye peke yake aliyetutetea. Tumeona aibu, na tunaiweka kwenye risala ili ibaki imeandikwa.

Changamoto ya tatu ilikuwa upungufu wa makoti ya mvua. Tumeikata.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi saba, yakiwemo jozi za viatu vya michezo na pampu ya mipira. Yote tumeyafuta. Hata la paa tumelipigia kura: tumekuwa watano kwa wanne, tumelifuta. Hatutaki useme tulikufunga ili tukubane.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, ubebe ndoo kumi na mbili za mchanga na ushike beleshi tuzibe njia uliyolima. Hiyo ndiyo adhabu ya kila mtu hapa, haina faini, haina hotuba, na akina mama wameshakuwekea sahani ya maharage. Pili, ukimaliza, upite ofisini umwambie Don Tiburcio kwa mdomo wako kwamba kijana alifanya haki. Akisikia kutoka kwako atainuka. Sisi tumemwambia, akageukia ukutani.

Hatuombi umsamehe Crisóforo. Tumelijadili sana tukaona hakuna cha kumsamehe.

MWISHO

Kabla ya kumaliza tunawajibika kuungama kosa letu kwako. Umetikisa nondo za dirisha kwa zaidi ya saa mbili, umeita askari, umeita gavana, umemwita na mama yako. Mlango hujaugusa. Mheshimiwa, mlango huo hauna kufuli. Liliharibika mwaka wa tetemeko, na hakuna aliyeona haja ya kununua lingine. Kila mtu wa San Melitón anajua hivyo tangu akiwa mdogo, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kumwambia mwenzake, na kwako tulisahau kabisa kwamba wewe si wa hapa. Tunaomba radhi kwa hilo.

Mtu wetu akitiwa humo, hukaa mpaka moyo wake utulie, kisha anausukuma mwenyewe. Akitoka akashika njia ya barabarani, hatumfukuzi. Don Tiburcio mwaka jana alikaa mpaka saa nne, akatoka, akasema, "Haya, mchanga uko wapi?" Tangu siku hiyo ndipo tulipoanza kumwita Don, yaani bwana mkubwa, kwa moyo wote.

Basi sukuma, Mheshimiwa, unafunguka kwa nje. Basi la kwenda mjini linasimama kulia, mbele ya duka. Kushoto ni kiwanjani. Crisóforo yuko kushoto, ameshika mabeleshi mawili, na hajui kama utakuja. Amerudi kunyamaza. Sisi tunamwangalia yeye, yeye anaangalia mlango.

Mungu akupe afya, akupe mgongo wa kubeba ndoo kumi na mbili, na Mtakatifu Melitón akuongoze utakapofika kizingitini.

Ni sisi wako watiifu,
Topili wa Zamu, San Melitón Latziyela.

(Wametia sahihi wanane. Wa tisa mikono yake imejaa.)