Jembe Halipiti kwa Mgeni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Paroko, ndugu watumishi mliohamia kwetu kutoka mikoa mingine, wazee wangu wa Mbuji, shikamooni, na ninyi majirani mlioacha kazi za shamba mkaja:

Mimi ni Agripina, mjukuu wa marehemu Bibi Kunigunda, aliyekuwa mwenye shamba hili. Nimeombwa niwakaribishe, kisha Mheshimiwa avute kamba, jiwe la kumbukumbu lionekane. Karibuni sana. Ila nimekasirika, na sitaficha.

Pale kando ya jiwe amezikwa askari wa vita vya Maji Maji. Hakuwa Mjerumani. Alitoka nchi ya mbali, na mtawala wake ndiye aliyemkodisha kwa Wajerumani kama mtu anavyokodisha baiskeli. Tofauti ni kwamba baiskeli isiporudi, mwenyewe huiulizia. Je, alitutendea mema? Hapana. Kikosi chake kilichoma maghala yetu, na babu yake Bibi akafa kwa njaa iliyofuata. Hata hivyo wazee walimzika. Tangu hapo, kila wanaume wanapofyeka na kupanga nyasi za ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, kile kipande hukiruka, na sisi wanawake tukija kufukia udongo hatukigusi. Nikiwa msichana nilimuuliza Bibi kwa nini tunamtunza muuaji. Akanijibu, “Huyu hakuja, mjukuu wangu. Aliletwa.”

Sasa jana nilikwenda kufagia, nikafunua kitambaa kilichofunika jiwe. Kamati iliyoliweka imechonga jina la nani? La ofisa wa Kijerumani, na cheo chake kizima, halafu chini yake, “na askari wake”. Wake tangu lini? Ofisa mwenyewe hayumo kaburini humo. Alirudi kwao akafa kitandani. Nilipomuuliza mwenyekiti wa kamati, Bwana Edmund, akasema, “Dada, hilo ndilo jina pekee tulilopata.”

Kweli, jina la mgeni wetu hatulijui. Habari zake tunazijua. Andikeni basi: hapa amelala mtu aliyekodishwa na mtawala wake aje kutuua, na tuliomzika ni sisi.

Mheshimiwa, nakuomba kwa heshima zote usiivute hiyo kamba leo. Ukiivuta, sitakuzuia. Lakini mwezi wa tatu tunalima ngolo. Kaburi la mgeni tutaliruka kama kawaida. Hilo jiwe, likiwa bado na jina hilo, tutaling'oa tulime lilipokuwa.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho.