Shukrani kwa Bwana Ngosha na Droo Yake

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, mstaafu wetu Bwana Alexander Ngosha pamoja na mkeo Bi Hellen, ndugu wageni waalikwa wa viti vya mbele, na ninyi jirani zangu wa Mabatini mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: wazee shikamooni, wengine habari za mchana.

Mimi ni Bilali Yassin, fundi wa kuchomelea vyuma. Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya kikundi chetu cha kusaidia askari waliolemaa vitani. Nimezoea kuzungumza na mageti, kwa hiyo mnisamehe maneno yangu yakikwaruza.

Walionitangulia wamemsifu Bwana Ngosha kwa kufuata utaratibu katika ofisi yake ya vibali. Nami namsifu. Sijapata kuona mtu anayependa utaratibu kama yeye. Ungezama ziwani mbele ya macho yake, angekuuliza kwanza kama unacho kibali cha kulowa.

Wengi mnamfahamu Kashindye Mhoja. Alikuwa rubani wa ndege ndogo jeshini. Mwaka sabini na tisa, kule Uganda, aliteremka kuwasaidia wenzake kusukuma gari lililokwama, akakanyaga bomu, akapoteza miguu yote miwili. Tulimpokea kwa nyimbo na kiti cha magurudumu, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Miaka kumi na mitano alitengeneza redio pale Mabatini, na kila ndege ikipita aliweka bisibisi chini, akatuambia ni ya aina gani kabla sisi hatujaiona.

Ukaja wakati huu wa biashara huria, ambapo hata muuza sangara anaweza kununua ndege. Mama Ng'washi akainunua kweli, kuukuu, ya viti vinne. Yeye alikuwa na ndege lakini hana rubani. Kashindye alikuwa rubani lakini hana miguu ya kukanyagia pedali zinazogeuza mkia. Akaja karakana kwangu.

"Bilali, unaweza kunitengenezea miguu ya mkononi?"

"Miguu sijawahi," nikamjibu. "Mimi natengeneza mageti."

"Basi nitengenezee geti linaloruka."

Tukaanza. Nilichomelea mkono wa chuma wa kuvutia pedali, tukaukosea mara nne. Elias, mwenzake wa vitani aliyebakiwa na mkono mmoja, ndiye aliyenishikia vyuma, akinigombeza kuliko fundi mwenye mikono miwili. Kina mama wa mtaa walishona mikanda ya kumfunga Kashindye kitini. Mhandisi wa ndege akatoka Dar es Salaam, akaupima mtambo wetu siku mbili, akaukubali.

Tukaja kwako, Bwana Ngosha. Fomu yako ilisema mwombaji apigwe picha akiwa amesimama. Unakumbuka ulivyotuambia? "Akiweza kusimama, arudi." Tukamnyanyua mimi na Elias, picha ikapigwa. Na siku ya mtihani kiti chake kilizuiwa kwenye geti la uwanja wa ndege, eti chombo cha magurudumu kisicho na namba hakiingii uwanjani. Nikaokota kipande cha bati, nikakiandika namba, nikakifunga nyuma ya kiti. Mlinzi akaisoma taratibu, akatupigia saluti. Huo nao ni utaratibu!

Mkaguzi aliruka na Kashindye juu ya ghuba, akamtaka atue, apae, atue tena. Aliposhuka, jasho linamtoka, akasema, "Nimemtafutia kosa saa nzima. Nimechoka mimi." Akaandika barua ya kibali, akaiacha ofisini kwako ipigwe mhuri.

Barua ile ilikaa kwako miezi minane. Kila Jumatatu tulikuja, kila Jumatatu tukaambiwa inashughulikiwa. Tukasema labda inalindwa, kwa kuwa kitu cha thamani hakiachwi ovyo. Ni ofisi ngapi zinazotunza karatasi kwa upendo wa namna hiyo?

Katika mwezi huo wa nane wa kusubiri, Elias akashikwa na tumbo akiwa kwao Sengerema. Daktari akasema apasuliwe Mwanza siku hiyo hiyo. Kashindye alikuwa tayari amejifunga mikanda ndani ya ndege. Mimi ndiye niliyekimbia ofisini kwako.

"Mzee, mruhusu mara hii moja tu."

Ukaniambia, "Bila mhuri, Bilali, mikono yangu imefungwa."

Mikono yako wewe.

Elias akapakiwa kwenye gari hadi Busisi, penye kivuko cha kuja Mwanza. Ziwa lilikuwa limechafuka, kivuko hakivuki. Akafariki saa nane mchana kwenye foleni, mkono wake mmoja umeshikwa na mkewe, Sabina.

Siku tatu baada ya mazishi uliniita unikabidhi barua. Nikaisoma tarehe ya mhuri. Ilikuwa imepigwa miezi mitano kabla. Mhuri ulikuwapo, Bwana Ngosha. Hakukuwa na mtu wa kufungua droo.

Nilirudi karakana nikakaa mbele ya mashine bila kuiwasha, mpaka Kashindye akanifuata akasema, "Inuka. Kesho kuna mgonjwa Ukerewe."

Tangu siku hiyo amevusha wagonjwa sitini na mmoja. Askari wenzake watatu, walemavu kama yeye, wamepata kazi pale uwanjani. Hakuna mtu aliyewauliza kama wanaweza kusimama.

Sasa zawadi. Tumesikia unakwenda kupumzika shambani kwako Sengerema. Baadhi yetu walipendekeza saa ya ukutani. Kashindye akakataa. Akasema, "Mzee tumpeleke nyumbani." Na anasema hivyo bila kejeli, kejeli ni zangu mimi. Ndege inakusubiri sasa hivi. Bi Hellen atakaa mbele, karibu na rubani, alione ziwa vizuri. Wewe utakaa nyuma na Sabina, anayekwenda kulipalilia kaburi la mumewe. Ni safari fupi na injini ina kelele, lakini Sabina ameniahidi kwamba atazungumza kwa sauti utakayoisikia.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ndugu zangu wote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Bwana Ngosha, simama twende.