Sista Kalunde, Aliyekataa Kutudanganya

Jumanne, tarehe 30 Septemba 1997, Sista Kalunde Mutunga atavua sare nyeupe baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika Kituo cha Afya cha Kyandumbi, mwendo mfupi kutoka soko la Mbumbuni. Sisi tulio kazini leo sote tulimkuta hapa.

Alizaliwa Tseikuru mwaka 1942, mtoto wa saba wa mfugaji. Alifika Kyandumbi Aprili 1965 juu ya lori la saruji, wakati kituo kilikuwa vyumba viwili na wafanyakazi watatu. Kila asubuhi, saa moja na nusu, wafanyakazi walikutana barazani kwa ibada, kwa kuwa kituo ni cha kanisa, na mpaka leo ndivyo tunavyoanza siku. Sista mpya hakutokea. Alibaki ndani akichemsha sindano.

Wiki ilipokwisha, Mganga Musembi, mkuu wa kituo enzi hizo, alimwita amuulize kama ni mgonjwa. Kalunde alimweleza kwamba yeye hana dini. Alikuwa amejaribu kuamini tangu utotoni akashindwa, na hakutaka kusimama na watu wanaosali kwa dhati huku yeye anaigiza. Kisha akatoa pendekezo: wao wasali, yeye awaangalie wagonjwa. Musembi alikubali shingo upande, lakini mwezi haukuisha kabla ya kuona faida. Zamani ibada ilikatizwa kila mgonjwa alipoita. Sasa nyimbo ziliimbwa mpaka ubeti wa mwisho.

Jina la Sista, ambalo hapa ni la muuguzi tu, limemletea vituko. Mwaka 1971 mgeni mmoja alimuuliza ni mtawa wa shirika gani. Alimjibu kwamba ni wa shirika la kuosha mabakuli, akamkabidhi moja. Na wazee wa hapa wanamkumbuka Bibi Mbula, aliyepoteza macho, ambaye kila Alhamisi alitaka kusomewa Zaburi. Aliyemsomea ni Kalunde. Akisoma mbio, bibi alimrudisha mwanzo wa mstari, naye alirudi bila kunung'unika.

Lakini habari iliyomfanya ajulikane kutoka Mbumbuni hadi Mutomo ni ya mwaka 1983.

Mwaka huo surua iliingia tarafani. Juu ya mlima wa Ngaani waliishi waumini wa kikundi kidogo kilichoongozwa na Mzee Nzioka. Walivaa nguo nyeupe, walisali mara tano kwa siku, na hawakutumia dawa yoyote. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kufa. Mchungaji Waithaka, mwenyekiti wa kamati yetu, alipanda huko na kipaza sauti akawahubiria kwamba wamepotea. Walifunga lango. Alishuka akiwa na uchungu wa kweli, maana alipenda watu, ila hakujua kunyamaza mbele yao.

Kalunde aliomba ruhusa ajaribu. Alipanda Jumapili ya kwanza mikono mitupu, akaketi nje ya lango, akasikiliza ibada yote, akarudi. Jumapili ya pili waliacha lango wazi. Ya tatu, Mzee Nzioka alimletea kigoda, akamuuliza anaamini nini.

"Mimi siamini, mzee," alisema Kalunde. "Sijaja kukutoa kwa Mungu wako. Nimekuja kwa sababu ya watoto."

Mzee aliketi chini mbele yake. Baadaye alikiri kwamba alikuwa amezoea wageni wanaosema wanaamini kama yeye, kisha wanaanza kumrekebisha. Alimuuliza maswali mpaka jua likaegemea: sindano inatoka wapi, inafanya nini mwilini, kama kuna mtoto aliyewahi kuumia. Alipoulizwa jambo asilolijua, Kalunde alisema halijui. Mwishowe mzee alisema watoto watachanjwa, kwa sharti moja: kwanza waombewe, mmoja mmoja, kwa kuwekewa mikono kichwani.

Alhamisi iliyofuata Kalunde alipanda na chanjo ndani ya sanduku la barafu. Watoto walikuwa arobaini na mmoja. Maombi yalianza saa tatu asubuhi. Ilipofika saa tano, walikuwa wameombewa kumi na wanane, na barafu ilikuwa inayeyuka. Msaidizi wake, Kasyoka, alimnong'oneza awaombe wafupishe. Kalunde alikataa. Alifunika sanduku kwa gunia lililoloweshwa maji, akalisogeza kivulini, akasimama kimya mikono nyuma. Hakufungua chupa hata moja, kwa kuwa chupa ikishafunguliwa haidumu. Saa saba kasorobo, mtoto wa mwisho alipoitikiwa amina, alipima joto la sanduku. Dawa ilikuwa bado nzima.

Alichanja wote arobaini na mmoja. Surua iliendelea kuzunguka tarafa kwa miezi mitatu, na Ngaani hakufa mtoto mwingine.

Miaka mitatu baadaye ilikuja zamu yake ya kujaribiwa. Kamati iliamua kwamba kila mfanyakazi atie sahihi hati ya imani, au aache kazi mwisho wa mwezi. Sisi tulitia. Kalunde alirudisha karatasi tupu na barua ya mistari miwili, akisema kwamba anaheshimu kila neno lililoandikwa humo, ila si kweli kwake. Akaanza kufunga vitu vyake.

Siku kamati ilipokutana, Mzee Nzioka aliingia uani na watu wake thelathini, nguo nyeupe tupu. Hakuwa amewahi kukanyaga kiwanja hiki. Aliomba nafasi ya kusema, akapewa.

"Huyu aliniambia ukweli siku ambayo uongo ungemfaa," alisema. "Mkimfundisha kutia sahihi ya uongo, siku nyingine akituambia dawa ni salama, tutamwamini vipi?"

Mchungaji Waithaka alikaa kimya, safari hii bila kulazimishwa na mtu. Kisha alikusanya hati zote, zetu pia, akasema mbele ya wote kwamba alikuwa amekosea. Sharti liliondolewa siku hiyohiyo. Mwaka 1988 yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza Kalunde awe mkuu wa kituo, na kura zote zikamkubali. Chini ya uongozi wake tulijenga wodi ya wazazi yenye vitanda kumi na viwili, na wakunga ishirini na sita wa vijijini wakapata mafunzo. Mjukuu wa Mchungaji alizaliwa mikononi mwake.

Nami nina la kwangu. Nilipoajiriwa hapa mwaka 1980, nikitokea Nyeri, nilianza kuomba kila siku ili Sista aokoke. Niliomba miaka kumi na mmoja, mpaka siku moja nikamwambia. Hakukasirika. Alinishukuru kwa kumfikiria muda wote huo, akaniuliza kama ningeweza kuliongeza katika maombi hayo goti lake la kushoto linalomuuma. Naliombea mpaka leo, naye kila Jumatatu hunipa ripoti yake bila kutia chumvi.

Sista Kalunde, asante. Tunaoomba tutakuombea, na sote tunakutakia mvua za kutosha Tseikuru, mbuzi wanaozaa mapacha, na asubuhi nyingi zisizo na zamu.

Wariara Muturi, Chumba cha Dawa