Bi Bosiljka Tufegdžić na Shavu la Malaika wa Vrelište

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, Bi Bosiljka Tufegdžić, mkuu wa Maabara ya Picha katika Taasisi ya Michoro ya Ukutani ya Bonde la Moravica, anastaafu rasmi Alhamisi hii, tarehe 31 Oktoba 2024. Kazi ya kuandika wasifu wake nilipewa mimi tangu Agosti. Niliuandika, ukapita kwa katibu, ukasifiwa. Ulikuwa na vichekesho vitatu na picha yake akikata keki. Mwezi huu nimeuchana na kuanza upya, na bado sijakaa sawa. Mnisamehe basi maneno yakija kwa pupa.

Bi Bosa, kama tunavyomwita sote, aliingia hapa Septemba 1990 na shahada ya hisabati na koti moja la baridi. Alikabidhiwa kabati za filamu za picha za makanisa azipange. Aliyemwajiri alimpa miezi sita, akisema wasichana wa hisabati hawadumu kwenye vumbi. Bwana huyo alistaafu zamani, na Bi Bosa yuko kwenye meza ile ile ya dirishani.

Mwaka 1999, mabomu ya vita yalipokuwa yakiiangukia nchi yetu, alizipakia filamu elfu nne kwenye kreti za matunda ya rasiberi akazishusha kwenye shimo la viazi la mama yake kijijini Prilike. Hakuna hata moja iliyopata unyevu. Mama yake alilalamika mpaka mwisho wa maisha yake kwamba mwaka ule viazi vililala sebuleni na wageni wakaketi jikoni.

Lakini lililotupa jina hasa ni programu aliyoiandika mwaka 2006. Plasta ya zamani huachana na ukuta polepole. Nyuma yake panabaki uwazi, na siku moja mtakatifu mzima anaanguka sakafuni. Mafundi wetu huutafuta uwazi huo kwa kugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Bi Bosa alisema masikio huchoka. Ukuta ukipashwa moto kidogo kwa taa, penye uwazi hubaki na joto zaidi, na kamera ya joto hupaona. Basi akaandika programu, kwa lugha ya kompyuta wanayotumia wanahisabati, inayosoma namba za joto na kupaka rangi ya machungwa juu ya picha ya kawaida ya mchoro, pale hasa penye uwazi. Fundi hupewa karatasi iliyochapishwa. Anatoboa tundu jembamba kama njiti penye machungwa, anasukumia chokaa laini, na plasta inashikana na ukuta wake. Makanisa thelathini na moja yametibiwa hivyo.

Aliyemwendea kulalamika kwamba programu imegoma alipokewa kwa maneno yale yale: "Kompyuta haijakosea, mwenzangu. Umekosea wewe. Rudi ukaangalie." Na kweli, mtu alirudi akaangalia akakuta kosa ni lake. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kurudishwa mara mbili kwa siku moja, na safari ya pili akagundua hakuwa amechomeka waya. Kila Septemba Bi Bosa alileta mitungi ya ajvar, ile pilipili hoho ya kuchoma iliyosagwa, akatugawia mmoja mmoja, na kwa wiki nzima barua rasmi za taasisi zilinukia jikoni kwake.

Hapo ndipo wasifu wangu wa kwanza ulipoishia. Haukumtaja Ratomir Plazinić. Hakuna karatasi ya taasisi hii iliyomtaja kwa miaka tisa.

Kwa waliokuja karibuni: Ratomir alikuwa fundi wetu bora wa ukutani. Tarehe 7 Mei 2015 alipanda jukwaani katika kanisa la Vrelište na karatasi ya Bi Bosa mkononi. Machungwa yalikuwa kwenye shavu la malaika mkubwa wa upande wa kaskazini. Akatoboa, akasukumia chokaa, na kipande cha ukubwa wa kiganja, shavu pamoja na jicho la kushoto, kikadondoka na kuvunjikavunjika miguuni pake. Mchoro ule ulikuwa umekaa pale miaka mia saba.

Siku iliyotangulia ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Georgi, na Georgi ndiye mtakatifu wa nyumba ya kina Plazinić. Mnaijua slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo: chupa ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, haitoki mezani, na hakuna anayealikwa, kwa sababu kila mtu anaijua tarehe. Nusu ya taasisi tulikula kwake. Kwa hiyo habari ilipofika asubuhi yake, hakuna aliyejisumbua kufikiri. Kwenye korido walikuwa wakisema, "Mikono ilikuwa bado inacheza ngoma ya kolo," na watu wakacheka, huku malaika hana jicho.

Tume ya uchunguzi ilikaa nusu saa tu. Ratomir alisema alipagonga kwanza pale shavuni, na ukuta ulimjibu kwamba ni mzima, hauna uwazi wowote. Chokaa ilikosa pa kwenda, ndiyo maana ikaing'oa plasta. Wakamuuliza, kama ulisikia ni mzima ulitoboa kwa nini? Akajibu, "Niliambiwa nifuate karatasi." Kisha akaitwa Bi Bosa aeleze kama karatasi ingeweza kukosea. Alijibu bila kukaa kwenye kiti. "Uwazi ulikuwepo. Kompyuta haikunywa rakija." Tume ikaandika kwamba mkono wa fundi ulisukuma kwa nguvu kupita kiasi, ikamnyang'anya leseni ya kugusa kuta za kale.

Tangu siku hiyo Ratomir anabandika vigae vya bafuni. Slava yake aliendelea kuiandaa kila mwaka, mkate na ngano iliyobarikiwa juu ya meza, na kwa kuwa kwenye slava hakuna mwaliko, hakuna pia udhuru. Mtu akiacha kuja, amekuhukumu. Mwaka jana walikuja wawili, na mmoja alikuwa kasisi.

Sasa niseme ya Septemba hii. Tulipokea kamera mpya ya joto, na Bi Bosa alitaka kuiingiza kazini kabla hajaondoka. Tunayo sampuli ya plasta ya majaribio, tumeitengeneza wenyewe, yenye uwazi kwenye kona ya chini kushoto. Akaipiga picha. Programu ikapaka machungwa kona ya juu kushoto. Akacheka, akasema nani ameigeuza sampuli. Hakuna aliyeigeuza. Alibadilisha rangi, akabadilisha ukubwa wa picha, akazima na kuwasha, akafuta programu nzima na kuiweka upya. Machungwa yakabaki juu. Siku mbili hakunywa kahawa yake ikiwa moto hata mara moja.

Siku ya tatu nilimkuta amepiga magoti kando ya ukuta wa korido, kiganja amekibandika chini karibu na sakafu, vidole juu. Akaniambia, "Usicheke, hesabu mpaka sitini." Nikahesabu. Akaondoa mkono, akalipiga picha lile joto lililobaki ukutani, tukaingia maabara. Kwenye kioo cha kamera kiganja kilikuwa chini, kama alivyokiweka. Akaipitisha picha kwenye programu. Mkono wa machungwa ukatokea juu karibu na dari, vidole vikielekea chini, kama mtu anayening'inia.

Yeye aliketi. Ikamchukua robo saa kuniambia, na nayaandika nilivyoyaelewa. Lugha ile ya kompyuta ina tabia mbili. Jedwali la namba hulihesabu kutoka mstari wa juu kwenda chini. Lakini ukiiambia ipake rangi mahali fulani kwenye picha, mahali hapo hupapima kutoka chini kwenda juu. Mwenye kuandika programu lazima ageuze hesabu katikati. Bi Bosa hakugeuza, kwa sababu kamera yetu ya zamani ilikuwa na ukaidi wake: yenyewe iliandika mistari kuanzia chini. Makosa mawili yakafutana, na kwa miaka yote picha zikatoka sawa. Kando ya mstari ule wa programu alikuwa ameandika kwa mkono wake: Inafanya kazi, usiguse.

Nikapumua. Nikasema basi afadhali, ni kamera hii mpya tu, rekebisha mstari mmoja twende tukale. Alikuwa amegeuka mweupe kama chokaa. Akaniambia, "Vidosav, masika ya 2015 kamera yetu ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Vrelište tulipiga kwa kamera ya kuazima. Ya aina hii hii."

Aliifungua kabati, akatoa namba za Vrelište, akarekebisha mstari mmoja, akaipitisha picha ile ya malaika. Machungwa yakaondoka shavuni. Yakatua chini kabisa, kwenye pindo la kanzu, upande ule ule wa kushoto. Kesho yake tulikwenda Vrelište na ngazi. Nilipagonga mimi. Shavuni, kando ya kovu, ukuta ni jiwe. Kwenye pindo, palitoa mlio kama wa kibuyu kitupu. Miaka tisa uwazi ule umekaa pale ukingoja kumwangusha malaika aliyebaki, na sisi tunapita chini yake na wageni.

Mtu wa kawaida, akiwa amebakiza wiki tano kustaafu, angerekebisha mstari ule na kuondoka. Hakuna ambaye angejua. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo, na nakiri hapa. Nilimwambia, "Bosa, umebakiza wiki tano. Utaharibu kila kitu kwa ajili ya nini?" Aliniangalia kama mtu asiyenijua. Akasema nimpeleke kwa Ratomir, kwa kuwa yeye haendeshi gari.

Ratomir alitukaribisha jikoni, akatupa juisi ya rasiberi. Hakuna rakija nyumbani mwake; aliacha tangu mwaka ule, hata kuiweka mezani kwa wageni. Bi Bosa hakuzunguka. Akamwekea picha zote mbili mezani akasema, "Kosa lilikuwa langu, siyo lako. Ukuta ulikuwa mzima, kama ulivyosema. Nilisimama mbele ya tume nikakutukana, na nilikuwa sijaangalia." Mwanamume yule alizisogeza zile picha karibu na dirisha. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nilikunywa kikombe kimoja tu, wakati wa kukata mkate. Lakini nyinyi wote mlisema nilikuwa nimelewa. Mwaka wa tatu nikaanza kuamini. Nikasema labda sikusikia vizuri ule ukuta, labda sikumbuki." Bi Bosa alilia. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi naye, sijawahi kumwona akilia.

Jumatatu iliyofuata aliandika barua kwa mkurugenzi na kwa tume, kurasa mbili, jina lake likiwa juu na maneno "kosa langu" yakitokea mara nne. Alizikagua upya kazi zote za makanisa thelathini na moja, siku kumi na sita bila kupumzika, akathibitisha kwamba ni Vrelište peke yake iliyopigwa kwa kamera ya kuazima. Leseni ya Ratomir imerudishwa tarehe 21 ya mwezi huu. Tunamshukuru Bi Bosa kwa filamu za shimoni, kwa programu, kwa ajvar, na kwa barua hiyo kuliko vyote.

Sasa, Bi Bosa, kwa kuwa maneno haya yatasomwa ukiwa umekaa mbele, acha nikuambie ambalo hulijui. Barua yako inasema kosa lote ni lako. Si kweli. Asubuhi ile ya Mei, Ratomir alinipigia simu kutoka jukwaani. Aliniambia, "Mkuu, karatasi inasema hapa pana uwazi, ukuta unasema hapana. Nifanyeje?" Nilikuwa na wageni wa wizara ofisini. Nilimwambia, "Fuata karatasi, acha ushirikina wako." Ndipo akatoboa. Kwenye tume aliposema aliambiwa, hakuna aliyemuuliza ni nani, na mimi nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, nikatazama dirisha. Siku ile jikoni kwake alinitazama mara moja tu, akaniongezea juisi. Alinipa nafasi niseme mwenyewe. Sikuitumia. Nilimaliza glasi yangu nikakurudisha nyumbani.

Nimeyaandika yote haya kwa tume leo asubuhi, na nakala nimempelekea Ratomir kwa mkono wangu. Nimebakiza miaka mitatu hapa, na sijui kama nitaachiwa. Wewe nenda Prilike, Bi Bosa. Lala mpaka saa nne asubuhi, mtu asikugongee. Umri uliobaki uwe mwepesi, na afya ikufuate huko.

Vidosav Ćurčić
Mkuu wa Kazi za Ukutani, hadi tume itakapoamua