Mtafiti wa Papa Aliyedai Mdomo Wake

Ndugu waombolezaji, inatangazwa kwa taadhima kwamba tunayemzika leo ni, kwa maneno ya bango la filamu, "Uso wa Bahari Zetu." Sisi nyumbani tulimwita Dada Mkubwa, na uso huo tuliuogopa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuguzi, katika vyumba viwili juu ya duka la vitasa. Dada akiwa darasa la tano, mama alirudi kutoka kazini akakuta samaki wa chakula cha jioni amepasuliwa mezani, matumbo yamepangwa kwenye sahani za wageni. "Mama, usiguse! Moyo bado sijamaliza." Siku hiyo tulilalia chai.

Alisomea biolojia ya bahari hadi shahada ya uzamivu, mwaka 2008. Tangu hapo kazi yake ikawa kuwafunga papa vifaa vya kufuatilia safari zao, na kuwabembeleza wavuvi wawaachie wenye mimba. Mwaka 2010 aliolewa na mfamasia, shemeji yetu mpole anayetapika hata kwenye kivuko. Walijaliwa binti mmoja, Kidoti.

Mwaka 2021 walikuja watu wa kutengeneza filamu ya kuwalinda papa. Walimhoji wiki nzima. Walipotuma nakala ya kwanza, tulijazana sebuleni. Dada alionekana kweli: anavaa miwani ya kuzamia, anatabasamu, anatazama mbali. Aliyeongea ni mtangazaji mgeni, ambaye habari za papa alifundishwa na dada huyo huyo, kwenye boti ya dada huyo huyo.

Kidoti akauliza, "Mama, mbona unacheka tu? Wewe huongei?"

Dada aliingia jikoni akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kesho yake alimpigia mwongozaji. "Nitoe humo."

"Lakini dada, wewe ndiye uwakilishi wetu!"

"Uwakilishi gani hauna mdomo? Ama nisimulie mimi, ama unitoe."

Walivutana kwa miezi. Walipokubali, Februari 2023, kansa ilikuwa imeshaingia mapafuni. Studio hakuiweza tena, kwa hiyo studio ikaja chumbani kwake: mablanketi madirishani, feni imezimwa, shemeji amekatazwa hata kupiga chafya. Alisimulia filamu nzima, sentensi moja moja, akipumzika katikati. Fundi wa sauti alipotaka kuzifuta zile pumzi zilizokwaruza, alimzuia. "Ziache, mwanangu. Mtu anayeongea anahema."

Aliisikia ikiwa imekamilika, Kidoti amelala ubavuni pake, akimfuatisha maneno kwa midomo. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Mei 2023.

Ameacha mume, binti, mama yetu, wadogo zake wawili, na wifi yake, yaani mke wangu, ambaye tangu juzi analia kutushinda sote. Mungu amlaze mahali pasipo na mahojiano.

Neno la mwisho tumwachie mwenyewe. Katika wiki ile ya mwisho mwongozaji alimpigia simu: "Dada, sasa unawawakilisha wanawake wote wa bara hili!"

Dada akavuta pumzi.

"Wote? Hata na wifi yangu hapa hatuelewani."