Mbuzi Aliyemeza Muhuri wa Ghala

Kijiwe chetu ni gogo lililolazwa mbele ya ghala la kijiji. Hapo tunakaa sisi tusio na shughuli, tunapokezana bakuli moja la togwa ya shayiri na kuinyoosha dunia. Mimi nina haki ya kukaa kuliko wote. Nimesomea muhuri misimu sita, najua kubandika udongo kwenye kamba ya kapu, najua kete, vile vidonge vya udongo vya kuhesabia mali: ya duara ni kapu na ya pembe ni kondoo, na ajira sina. Nafasi ya kutunza muhuri wa ghala ni moja, nayo anaikalia Bibi Udongo tangu mama yangu hajaolewa.

Juzi kamba ya shingoni mwa Bibi Udongo ilikatika, jiwe lake la muhuri likadondoka, mbuzi akalimeza. Mlango wa ghala umefungwa kwa bonge la udongo lenye alama ya jiwe hilo, na desturi yetu ni kwamba bonge halivunjwi mpaka jiwe la kupigia bonge jipya liwe mkononi. Jana mvua ya kwanza ikanyesha. Leo asubuhi Talmu mchungaji, aliyeacha makapu matatu ya mbegu ghalani alipopandisha mifugo milimani, akaja na kete zake tatu kiganjani.

— Bibi, wenzangu wanapanda.

— Subiri mbuzi, mwanangu.

— Mbuzi yupi?

— Hapo ndipo penye kazi.

Wako arobaini. Jamaa tunayemwita Najua akashauri kila mbuzi afungwe kwenye kigingi chake, kinyesi tukichambue kwa zamu. Beshar mfinyanzi akapinga: jiwe likipita tumboni linachukua tabia ya mbuzi, kwa hiyo kila kitakachofungwa nalo kitakuwa mali ya mbuzi. Najua, kwa kutokubali kushindwa, akasema basi mbuzi mwenyewe apewe kazi ya ghala. Nikamwambia sishangai, hapa kwetu mbuzi ataajiriwa kabla yangu.

Talmu hakucheka. Alikuwa anatazama bondeni, jirani zake wakilima, ardhi ikianza kukauka.

Nyuma yake alisimama mkewe Ezi, aliyeolewa mwaka huu kutoka milimani, jembe begani. Akatuamkia vizuri, kisha akauliza:

— Samahani wazee wangu. Huu mlango umefungwa ili nani asiingie?

— Wageni, akasema Najua.

— Wamekuja lini mara ya mwisho?

Najua akavuta bakuli la togwa, akanywa. Kila mwenye nguvu ya kubeba kapu alikuwa ama bondeni, ama juu ya gogo lile. Kumjibu yule dada ni kutaja jina la mwizi, na mwenye jina umekaa naye bega kwa bega, mnanywa bakuli moja. Beshar akajisogeza kidogo, mbali na Najua. Bibi Udongo akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu.

Talmu akaenda mlangoni, akaweka kidole gumba kwenye bonge tayari kulivunja, akangoja mtu amkataze.