Nilikuja Kuomba Upepo

Benchi la fundi baiskeli lina miguu mitatu na tofali, na lina wenyewe wawili: Posta, aliyestaafu kugawa barua, na Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Wanashinda hapo na birika la kahawa, na fundi hafanyi kazi mpaka benchi litoe hukumu. Mimi sikulijua hilo. Nimefika saa saba na robo, tairi la nyuma limelegea, mtihani wangu chuoni ni saa nane kamili. Nikasema kwa sauti ileile inayonishindia midahalo:

— Shikamooni. Naomba upepo tu.

Fundi: Marahaba, binti. Kaa. (Akaipindua baiskeli yangu miguu juu.) Wazee, mnaonaje?

Posta: Duka bovu utalijua, linamsikiliza mteja. Mteja anajua nini? Mgonjwa hajiandikii dawa. Anza na cheni.

Mimi: Mzee wangu, cheni ni nzima!

Posta: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Fundi akatoa cheni.

Kinyozi: Duka zuri lina foleni. Ukihudumiwa haraka, shtuka. Mimi hapa nina mteja ana nusu kichwa tangu saa sita. Umemsikia akilalamika?

— Nalalamika! sauti ikatoka ng'ambo.

Kinyozi: Huyo mgeni, hajazoea. Fundi, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Toa tairi zima.

Fundi akatoa tairi.

Mimi: Jamani, nina mtihani saa nane! Pampu ile pale, naiona!

Posta: Tulia. Binti, unalalia ubavu gani?

Mimi: Ubavu?

Posta: Anayelalia kulia hukanyaga pedeli ya kushoto kwa kinyongo. Miaka thelathini nimegawa barua kwa baiskeli, utanifundisha? Duka zuri linamchunguza mtu kwanza, chuma baadaye.

Fundi akafungua pedeli ya kushoto.

Mimi: Waheshimiwa, hoja yangu ina neno moja. Moja tu!

Kinyozi: Unaona vijana? Wanaongea, hawasikilizi. Mimina kahawa.

Saa nane kasorobo. Baiskeli yangu imelala juu ya gunia, vipande vipande kama samaki aliyekatwakatwa. Ndipo akafika mama mmoja mwenye sare za uuguzi, kengele ya baiskeli yake imekwama. Akalitazama lile gunia.

— Habari zenu. Hii iliingia na tatizo gani?

Fundi akamtazama Posta. Posta akamtazama Kinyozi. Kinyozi akakumbuka kwamba ana mteja, akanyanyuka.

— Upepo, nikasema.

Fundi: Sasa binti, si ungesema!

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu mbele ya majaji, nikainama kuokota cheni yangu.

Yule mama akaniangalia.

— Unaelekea wapi, mwanangu?

— Chuoni. Mtihani saa nane.

— Panda nyuma.

— Na kengele yako, mama?

— Nitapiga kelele kwa mdomo.

Akakanyaga. Tulipokuwa tunakata kona nikageuka: fundi bado ameshika pedeli yangu mkononi, na Posta anasogeza kikombe apate nafasi ya kuegemea, akiuliza:

— Haya wazee, tusidanganyane. Huo upepo ulikwenda wapi?